Majua Mawili Juu ya Kenyenya

Kampala,
Februari 11, 1968

Abigael wangu,

Kama mvua haijaanza huko, najua barua hii unaisomea mlangoni. Kama imeanza, unaisomea jikoni huku moshi unakutoa machozi na watu wanadhani unanililia mimi. Vyovyote vile, nipokee. Mimi ni mzima. Tumbo tu ndilo linalolalamika, kwa sababu hapa ndizi zinapondwa mpaka mtu hajui anakula nini.

Nakuandikia Kiswahili kama tulivyokubaliana, ili Mama akitaka kusomewa barua umpe salamu zake kwa Kikisii, na haya mengine yabaki yetu. Salamu zenyewe mpe kweli. Mwambie sijaugua wala sijaoa Mganda.

Sasa nina kazi yako. Mtihani wetu wa mwisho ni Novemba, na kila mwanafunzi lazima atoe picha moja kubwa ya mandhari kwa rangi za maji. Wenzangu wamechagua ziwa na vilima vya mji huu. Mimi nimechagua kwetu Kenyenya, asubuhi, vile mtu anavyopaona akisimama mlangoni petu: shamba la migomba, nyumba ya Mama kule chini, mto, na mlima wa ng'ambo.

Mwalimu wetu wa rangi, Bwana Walter, ni mzee mrefu asiyesifu kitu. Alitazama michoro yangu ya kwanza akasema naogopa kivuli. Kila kitu nimekiangaza, kwa hiyo hakuna kinachong'aa. Halafu akatueleza jambo ambalo nimelifikiria wiki nzima. Katika rangi za maji hatutumii rangi nyeupe. Mwanga ni karatasi yenyewe, pale ulipopaacha bila kupagusa. Kivuli unaweza kukiongeza wakati wowote, hata kesho, hata mwakani. Lakini ukishaupaka mwanga rangi, umekwenda na haurudi tena. Kwa hiyo kabla hujalowesha brashi lazima ujue jua lako liko wapi.

Najua liko wapi, lakini nimekaa mbali muda mrefu na sitaki kubahatisha. Kuwa macho yangu. Asubuhi moja usikimbilie shambani. Kaa mlangoni, tazama, uniandikie wapi kuna mwanga, wapi kuna kivuli, na kivuli kinalala upande gani. Usiandike kama mwanafunzi wa mtihani. Andika kama ulivyokuwa ukinisimulia mambo ya sokoni.

Barua ziendelee kupitia sanduku la posta la rafiki yangu Mogire pale Kisii. Zangu utachukua dukani kwao, au mkewe Persis atakutumia na mtu. Ni watu wa kuaminika, hata kama Persis ana mdomo.

Na yale maneno ya Mama kuhusu mtoto, usiyaweke moyoni. Tangu tuoane tumetengana kuliko tulivyokaa pamoja. Nimekukosa, Abigael, mpaka harufu ya sabuni yako nainusa kwenye kitambaa ulichonifungia chakula, na kitambaa chenyewe nimeshakifua mara nyingi.

Wako,
Obwocha


Kenyenya,
Machi 3, 1968

Kwa Mwalimu wangu,

Nimekaa mlangoni kama ulivyoagiza, na watu wameshapita na kuniuliza kama ninaumwa. Mke wa mtu kukaa bure asubuhi ni habari inayofika sokoni kabla yake. Nimewaambia natazama jua kwa niaba ya serikali.

Haya, sikiliza. Jua linatokea nyuma ya mlima wa ng'ambo. Kwa hiyo ule uso wa mlima unaotutazama bado ni mweusi, lakini si weusi wa masizi. Ni buluu ya sare ya shule iliyolowa maji. Mwanga unauruka mlima, unauruka na mto, unakuja kutua kwetu kwanza. Unaanza kwenye paa la Mama, halafu majani ya migomba. Yale yaliyopasuka na upepo yanapitisha jua mpaka yanaonekana ya manjano. Vivuli vya migomba vinakuja kwetu, virefu, vinapanda shamba lote mpaka miguuni pangu. Nimenyoosha mguu nikakanyaga kimoja. Mto hauonekani, kuna ukungu tu pale ulipo.

Habari nyingine ni chache. Mama ameleta msichana kutoka kwa watu wake, anaitwa Nyanchera. Anasema ni wa kunisaidia kuteka maji. Ni msichana mwenye adabu, sina la kumlaumu. Analala kwa Mama.

Unaposema umenikosa, mimi nifanyeje? Kila jioni napika chakula cha watu wawili, ndipo nakumbuka. Rudi ukiwa umefaulu. Nikisikia umeacha masomo kwa ajili yangu, nitakufukuza mwenyewe na mwiko.

Wako daima,
Abigael


Kampala,
Aprili 21, 1968

Abigael,

Barua yako imechanika kwenye mikunjo kwa kusomwa. Ile buluu ya sare iliyolowa imenihangaisha kweli. Nimeipata mwishowe kwa kuchanganya buluu na rangi kidogo ya udongo mwekundu, maji mengi, mkono mwepesi. Bwana Walter aliitazama akauliza nani amenifundisha. Nikasema mke wangu. Akanyamaza, na kwake hiyo ni sifa.

Nimeanza karatasi kubwa. Upande wetu nimeshauacha mweupe: paa la Mama, majani, njia inayoshuka mtoni. Vivuli vinapanda mpaka mlangoni, ulivyosema na ninavyokumbuka. Mlima sijaugusa. Bwana Walter anasema kivuli kisicho na mwanga hata kidogo ndani yake ni shimo, na picha itatumbukia humo. Nitazamie tena. Asubuhi ikiendelea kidogo, je, kuna sehemu ya mlima inayopata jua? Niandikie, ndipo nitajua niache wapi na nipake wapi.

Nimefurahi Mama amekuletea msaidizi. Mshukuru kwa niaba yangu. Huyo Nyanchera mfundishe kusoma kama ana hamu. Unaona Mama anavyobadilika? Nilikuambia anakupenda kwa njia yake.

Likizo sitakuja. Nimepata kazi ya kuandika mabango ya maduka, na kazi hiyo ndiyo itakayonilisha mpaka mtihani. Vumilia, mke wangu. Mimi mwenyewe navumilia vibaya.

Obwocha


Nyamira,
Mei 19, 1968

Dada Persis,

Usishtuke kuona barua hii inatoka Nyamira. Niko kwa baba yangu tangu mwanzo wa mwezi. Kenyenya nimeondoka.

Nitakueleza mara moja, halafu usiniulize tena. Yule msichana Nyanchera, kazi yake niliijua tangu siku alipoletwa, lakini nikavaa uso wa mtu asiyejua. Nikasema moyoni, Mama Mong'ina atachoka, Obwocha atarudi, mambo yatajinyoosha. Halafu nikaenda kupalilia shamba langu la wimbi, lile nililogawiwa nilipoolewa, nikamkuta Nyanchera na Mama wameshafika katikati wanapalilia. Wewe ni Mkisii, huhitaji kuelezwa maana yake. Mwanamke akinyang'anywa shamba lake ameshafukuzwa, imebaki kubeba nguo.

Nikauliza. Mama akajibu bila kuinua kichwa, "Shamba linataka mtu wa kulizalia." Majirani walikuwepo. Na Sabato iliyotangulia aliimba kanisani kuliko sisi wote! Nilichukua nguo zangu na barua za Obwocha, nikaondoka.

Obwocha hajui lolote. Ameniagiza hata nimshukuru Mama kwa kuniletea msaidizi. Niliposoma hapo nilicheka, Persis, na kicheko kikanigeukia.

Sitaki ajue. Nikimwambia leo, kesho yuko kwenye basi la Kisumu, na masomo yote yamekwenda na maji. Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kuisema mbele za watu. Nyingine ni kwamba naogopa atajua na hatakuja. Atakaa atafikiri, ataona miaka inapita na hakuna mtoto, ataona mama yake ana haki. Wakati hajui, mimi bado ni mke wake. Kila anaponiuliza habari za mlango wetu, mimi niko mlangoni. Sina kingine cha ndoa kilichobaki ila hicho.

Kaka yangu huja mjini na magunia ya pareto. Barua za Obwocha mpe yeye. Zangu atakuletea, uziposti hapo Kisii kama zamani. Na umwambie Mogire afunge mdomo.

Abigael


Kisii,
Juni 2, 1968

Abigael mdogo wangu,

Nimelia, nimekasirika, nimepima vitambaa vya wateja vibaya siku nzima. Basi. Barua za Obwocha zikifika nitampa kaka yako, na nitafanya ulivyosema ingawa sipendi. Mogire anasema tunamfanya rafiki yake mjinga. Nikamwambia heri mjinga mwenye diploma. Amenuna tangu jana, na akinuna anakula zaidi.

Sasa nikueleze. Mama mkwe wako alikuja dukani Jumatatu. Alichagua kitambaa cha maua, akakiweka mabegani kwangu eti mwili wangu na wa mtu fulani ni mmoja. Nikampimia pungufu kwa makusudi, Mungu anisamehe.

Akaniuliza, "Persis, mwanangu anaandika?"

"Anaandika, Mama."

"Anasema nini?"

"Anauliza jua."

"Jua gani?"

"La asubuhi. Anataka kujua linapiga wapi."

Akanitazama, akatazama chini. "Huyo mtoto wamemharibu," akasema, kisha akaanza kufunga kitambaa chake kwenye kanga, akakifungua, akakifunga tena. Amezeeka, Abigael. Sikumhurumia sana, lakini niliona.

Mwandikie mumeo ukweli. Hilo ni shauri la bure.

Persis


Kenyenya,
Juni 16, 1968

Kwa Mwalimu wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mama ni mzima, Nyanchera ni mzima, wimbi limekua vizuri, limepaliliwa vizuri sana mwaka huu.

Nimekaa mlangoni tena kwa ajili ya mlima wako. Asubuhi jua linaanza kileleni mwa mlima wa ng'ambo, kilele peke yake, kwingine kote bado ni giza. Halafu mwanga unateremka polepole kama mtu aliyebeba mtungi. Unafika kwenye mashamba ya nusu mlima, kila shamba na kijani chake, unafika kwenye miti ya mtoni. Unaweza kuhesabu nyumba za ng'ambo zinavyoamka moja moja na moshi wake. Upande wetu ndio wa mwisho. Vivuli vya migomba vinashuka kuelekea mtoni, vinanipa mgongo.

Kwa hiyo usiupake mlima rangi nzito. Uache uwe na mwanga mwingi. Huwa nautazama mpaka chai inapoa.

Ukimaliza picha, mimi utaniweka wapi? Najua hutachora watu. Nauliza tu. Usiku uliopita nilidhani nimesikia kikohozi chako nje, nikatoka, ilikuwa mbuzi. Nikamkasirikia mbuzi wa watu.

Wako daima,
Abigael


Kampala,
Agosti 4, 1968

Mpenzi Abigael,

Nina jambo linalonitesa na sina wa kumwambia ila wewe.

Niliifuata barua yako. Nilikuwa naelekea kuupaka mlima ile buluu, nikasimama. Nikauacha uso wake mweupe, nikapitisha kijani chepesi na manjano kidogo juu ya mashamba, nikaweka na moshi wa nyumba. Nilidhani nimefanya kitu kizuri. Juzi Bwana Walter alikuja nyuma yangu akaniuliza, "Jua lako liko wapi?" Nikamwonyesha, nyuma ya mlima. Akasema, "Basi nani ameuangaza mlima huu usoni?"

Akasema picha yangu ina majua mawili, moja linatoka nyuma ya mlima na jingine nyuma ya mgongo wangu. Darasa zima likacheka.

Nimezitoa barua zako nikaziweka pamoja. Ya Machi inasema vivuli vinakuja mlangoni. Ya Juni inasema vinashuka mtoni. Na mimi kichwani nina vile vya Machi. Lakini wewe uko hapo na mimi niko huku. Labda Machi uliandika nilivyotaka kusikia ili unifurahishe. Nimefumba macho nijaribu kuuona mlango wetu, na kwa mara ya kwanza sikuuona. Niliona mlango wowote.

Abigael, nimeanza kusahau kwetu. Mtu anayesahau jua la kwao linatoka wapi, atasahau na nini? Jana nilijaribu kukumbuka sauti yako ukiniita kutoka jikoni, ikaja ya mke wa mwenye nyumba. Niliogopa kweli, sikutanii.

Niambie upande gani ni wa kweli. Nitaamini utakachosema, hata kama ni kinyume na ninavyokumbuka. Macho ni yako.

Obwocha


Nyamira,
Agosti 25, 1968

Obwocha,

Tazama juu ya barua hii. Nimeandika Nyamira kwa sababu niko Nyamira, kwa baba yangu, tangu Mei.

Hujasahau kitu. Jua la kwetu linatokea pale pale ulipoliacha, nyuma ya mlima, na vivuli vinakuja mlangoni. Niliyokuandikia Juni ni asubuhi ya hapa. Mlango wa baba yangu unatazama machweo, jua linatokea mgongoni, ndiyo maana mlima wa ng'ambo unaangazwa kwanza. Nilidhani naandika ya Kenyenya kwa kumbukumbu. Kumbe mkono umeandika kile ambacho macho yalikuwa yakikiona.

Ningeweza kukujibu kwamba nilitazama vibaya siku ile, na tungeendelea. Nilishaanza hata kuandika hivyo. Lakini uliposema umeanza kusahau kwenu, na sauti yangu, nikaona nimekuibia kitu ambacho sikukusudia kugusa. Wiki hii tulikuwa kwenye makambi ya kanisa, watu wote wanaimba, mimi nimekaa na barua yako kwenye mfuko wa koti inaniunguza.

Nyanchera hakuletwa kuteka maji. Aliletwa awe mke wako. Mama amempa shamba langu la wimbi. Hakunipiga wala hakunitukana, aliniambia tu shamba linataka mtu wa kulizalia, mbele ya watu, na mimi nikaondoka kwa miguu yangu. Yule msichana hana kosa, usimchukie. Nimekuficha ili umalize mtihani. Tena nimekuficha kwa sababu naogopa, na hilo ndilo kubwa zaidi.

Mlima wako uutie kivuli. Ulisema mwenyewe kivuli huongezwa wakati wowote. Pitisha ile buluu mara moja tu na picha yako itakuwa sawa.

Sasa nitakuuliza swali nililolikimbia mwaka mzima. Mimi bado ni mke wako? Usijibu kwa haraka, na usijibu kwa huruma. Ila ujibu.

Abigael


Nyamira,
Oktoba 27, 1968

Dada Persis,

Asante kwa sukari, na kwa kutoniandikia maneno ya kunifariji. Kaka amerudi leo tena mkono mtupu. Siku hizi simuulizi. Natazama tu mikono yake anapofungua lango, na yeye amejifunza kuiinua juu kidogo ili nisisubiri.

Nilimwambia Obwocha asijibu haraka. Sikujua mtu anaweza kutii hivyo.

Baba ananionea huruma, lakini ni mtu wa desturi. Amesema mume wangu akija na wazee wa kwao, wakae, waseme lililotokea, atawapokea. Akija peke yake hatapanda hata kijia cha kuingilia, atakuwa amemdharau. Mama yangu ananipa kazi nyingi, ndiyo njia yake ya kunikumbatia. Mchana naendelea vizuri. Shida ni asubuhi, mlima ule unapoanza kuangaza, maana bado kila siku nauandikia barua kichwani.

Mwambie Mogire simlaumu kwa kununa.

Abigael


Kenyenya,
Desemba 8, 1968

Mke wangu Abigael,

Nimeanza na jibu ili usiharakishe macho kulitafuta. Mke wangu. Ulikuwa, na ungali.

Nilikaa kimya na nitakuambia kwa nini. Nilikukasirikia. Niliandika barua nikazichana, kwa sababu kila moja ilikuwa inakugombeza. Nilisema, nilimpa macho yangu akanidanganya nayo. Hasira ikaisha, ikaja aibu, kwa sababu nilikumbuka nimekuagiza umshukuru Mama. Mwenye aibu haandiki vizuri. Nikaona nimalize mtihani kama ulivyotaka, nije nikajibu kwa miguu.

Ile picha niliirudia kila siku. Ni kweli, ilibaki kupitisha buluu mara moja tu juu ya mlima. Nilishachanganya rangi kwenye sahani. Lakini nilijua sasa huo mwanga wa ng'ambo ni wa wapi, na nani alikuwa amekaa akiutazama mpaka chai inapoa. Uliniuliza nitakuweka wapi. Sikuweza kukutia gizani kwa mkono wangu mwenyewe. Niliipeleka kwa watahini na majua yake mawili. Nimefaulu, lakini kwa alama za chini, na Bwana Walter aliniambia ameona wapumbavu wengi ila wachache wanaojua walichofanya. Kisha akanishika mkono.

Sasa ya hapa. Nilimkuta Mama mlangoni kwake, amevaa vizuri, Nyanchera ameandaa chakula. Sikula. Nikamwambia Mama nina mke mmoja na anaitwa Abigael. Akasema, "Na watoto?" Nikasema wakija watakuja kwetu sisi wawili, na wasipokuja, hawatakuja kwetu sisi wawili. Alilia, Abigael. Alisema ananiogopea nitakufa jina langu lisiitwe na mtu. Nikakaa naye mpaka akanyamaza, lakini neno langu sikulibadilisha. Nyanchera amerudishwa kwao Alhamisi, na sikuona kama alisikitika. Alikuwa anaimba akifunga mzigo.

Nimepata kazi ya kufundisha uchoraji, shule iko njia ya kwenda Keroka, ina nyumba ya mwalimu. Tutakaa huko.

Lakini nimekwama. Unajua chinsoni yetu, ile heshima ya mkwe kwa wakwe. Mkwe hasimami uani kwa wakwe zake akasema nipeni mke wangu. Anakaa kimya, wazee wa kwao wanamsemea. Nimekwenda kwa Onsongo, kaka yake baba yangu marehemu, nikapiga magoti. Amekataa. Anasema mwanamke aliondoka mwenyewe, arudi mwenyewe, na hawezi kwenda kinyume cha Mama. Alipokataa yeye, wengine wote wamekataa. Kwa hiyo sina mtu wa kunisemea, na baba yako, kama alivyoniambia Persis, hatanipokea peke yangu.

Nimefikiri hivi. Njoo wewe mjini Kisii, kwa Persis, siku ya soko, kama mtu anayekuja kununua chumvi. Nitakuwa hapo. Tutakwenda shuleni pamoja, na hasira za wazee zitapoa zenyewe. Najua nakuomba utoke kwa baba yako kama mtu anayetoroka. Sioni njia nyingine, na siwezi kukaa tena bila kukuona.

Mume wako,
Obwocha


Nyamira,
Desemba 16, 1968

Mwalimu wangu,

Kaka alipofungua lango hakuinua mikono. Nilijua kabla hajafika.

Nimesoma jibu lako nimesimama, halafu nimekaa, halafu nimekwenda nyuma ya nyumba nikafanya kelele ambazo kuku hawajawahi kuzisikia. Alama za chini! Mjinga wewe. Ningekuwepo ningeupaka huo mlima kwa mkono wangu. Ni vizuri sikuwepo.

Nakutamani mpaka siku ya soko inaonekana mbali. Lakini mjini sitakuja. Mwaka huu wote nimejificha. Nimejificha kwako, kwa Mogire, kwa watu wa kanisa, nimeandika Kenyenya juu ya barua nikiwa Nyamira. Nimechoka kujificha, na sitaki siku ya kukupata tena iwe ya kujificha. Kama ni kuondoka hapa, nitaondoka mchana, baba yangu akinitazama, na mama yangu akijua nimebeba sufuria gani.

Kwa hiyo njoo wewe, Jumapili ijayo. Njoo peke yako. Nimeshazungumza na Baba. Amekasirika, amezunguka boma lote, amerudi, amekasirika tena. Nikamwambia yeye ndiye aliyenipeleka shule nijifunze kusema. Mwishowe amesema utaruhusiwa kusimama uani, lakini atauliza swali lake kama desturi inavyotaka, na asipopata jibu utarudi ulikotoka. Mama yangu ameanza kufagia ua leo, na Jumapili bado iko mbali.

Usilete maneno, hata kama umeyatunga njiani. Usimtazame Mama usoni, usikaribie mlango wake, simama pale uani kama mkwe mwenye heshima. Baba atauliza ni nani aliyekuja kukusemea. Hapo nitatoka nyumbani kwa mama yangu, nipite mbele ya watu wote, nije nisimame upande wako. Wewe nyamaza. Nitakusemea mimi.

Mke wako,
Abigael